Asiyesema si mjinga

Huku Masisi na Walikale, mtu akianguka na pikipiki ao damu ikimpanda, kisha maneno yakakatika, jirani wanasema mbio: "Akili yake imeharibika." Wengine wanatafuta mchawi. Mara nyingi si vile.

Ubongo uko na pande mbili. Ule wa kushoto unaongoza mkono na mguu wa kuume. Ule wa kuume unaongoza wa kushoto. Kwa watu wengi, maneno yanategemea zaidi upande wa kushoto. Munganga Paul Broca alionyesha hivyo Paris katika miaka ya 1860. Njo maana mtu aliyeumia kushoto anaweza kupooza kuume na kukosa maneno kwa mara moja. Lakini ule mwingine unaendelea na kazi: kutambua nyuso, kushika njia, kusikia hasira katika sauti.

Basi, akili iko upande gani? Pande zote. Mama anayeuza maharagi sokoni anahesabu franka na palepale anasoma uso wa mnunuzi. Nyuzi karibu milioni 200 zinaunganisha pande hizo ili zifikiri pamoja.

Kwa hiyo, mgonjwa asiyeweza kusema, msimuhesabu kama mtoto. Mumuulize maswali mafupi, ajibu kwa kichwa ao kwa mkono. Musiuze ngombe wake wala kugawa shamba lake kama vile amekwisha kufa.

Na mdomo ukipinda ao mkono ukilegea gafula, musingoje kesho: mumupeleke hopitali saa ile ile.