Bahari ni fupi, karatasi ni ndefu kwa baharia wa Kibajuni

KUTOKA Chula, Chovai au Koyama, upepo wa kaskazi huvisukuma vyombo kusini hadi Lamu. Wabajuni wameijua njia hiyo vizazi na vizazi. Lakini kijana wao akipata kazi kwenye meli kubwa Mombasa, safari huanzia ofisini.

Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 4, 2024. Hata hivyo, Kenya ilipowaondolea Waafrika wengi sharti la kibali cha mtandaoni mwaka 2025, Somalia na Libya ziliachwa nje.

Baharia anatakiwa pia awe na kitabu cha baharia, vyeti vya usalama na cheti cha afya kisichozidi miaka 2. Karatasi ikichelewa, meli huondoka. Meli ikichelewa, yeye hulala gesti huku akiba ikiisha.

Hapo ndipo wakala asiye mwaminifu hudai “ada ya kazi”. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza ada hiyo. Baharia anaweza kulipia pasipoti, kitabu na cheti cha afya. Viza ni juu ya mwenye meli. Suala la malazi ni vyema liandikwe kabla hajaondoka kwao.

Mfanyabiashara wa Kismayo anaijua hali hiyo: siku za kungoja muhuri hula faida ya safari nzima.