Sala na dawa havigombani

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloleta mabishano katika familia nyingi mara mgonjwa anapolala kitandani. Mmoja husema, "Tumwombee kwanza." Mwingine husema, "Apelekwe kwa mzee wa miti shamba." Wa tatu husema, "Hospitali." Wakubwa wanapobishana, ugonjwa hauwasubiri. Sisi wauguzi tunawapokea wengi waliocheleweshwa hivyo, nao wengi wao ni watoto. Basi tuulize: Maandiko Matakatifu yanatupa hekima gani katika saa kama hiyo?

MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

Yoshua bin Sira, aliyeandika karibu miaka 180 kabla ya Kristo, analijibu swali hili katika sura ya 38 ya kitabu chake. Anafundisha kwamba mgonjwa asikawie kusali, aache dhambi, atoe sadaka, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa sababu tabibu naye ni kazi ya Mungu. Anaongeza kwamba Bwana ameweka dawa ardhini, na mwenye busara hazidharau. Angalieni vizuri: hatuambiwi tuchague kati ya sala na tabibu. Vyote viwili ni vyetu.

Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, alisali kwa machozi. Nabii Isaya alimletea habari kwamba Mungu amesikia, kisha akaagiza tini zibandikwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Sala ilikwisha kusikiwa, hata hivyo dawa ikatumika. Naye Msamaria mwema hakuishia kuona huruma. Alitia majeraha mafuta na divai, akayafunga, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili nyumba ya wageni (Luka 10). Hapo mna huduma ya kwanza, usafiri na gharama za matibabu.

Kanisa katika mkoa wetu wa Singida limefuata njia hiyo. Masista Wamisionari wa Tiba wa Maria walianza huduma Makiungu mwaka 1954, na Wamisionari wa Damu Azizi walifungua Hospitali ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi mwaka 1989.

DAWA ZA ARDHINI

Wengine watasema, "Kama dawa hutoka ardhini, basi miti shamba inatosha." Ni kweli kwamba dawa nyingi za hospitali zina asili ya mimea. Kwinini ilitoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Dawa ya mseto ya malaria imetokana na mmea wa pakanga wa China, na mtafiti Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua dawa iliyomo. Tofauti ni kwamba dawa hizo zimechunguzwa: inajulikana zinatibu nini, kwa kiasi gani, kwa siku ngapi, na zina madhara gani.

Wengi mnakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Kuna wagonjwa waliotolewa wodini ili wapelekwe huko, na wengine walifia njiani au katika foleni. Kuna walioacha dawa za UKIMWI wakiamini wamepona. Hatumhukumu mtu kwa kutafuta uponyaji, maana maumivu humfanya mtu ashike chochote. Lakini imani haimwagizi mgonjwa kutupa dawa zake.

DEGEDEGE

Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu husema degedege ni kazi ya pepo, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Hii si kweli. Mara nyingi mtoto hupata degedege kwa sababu ya homa kali, na malaria kali ni mojawapo ya sababu za hatari. Malaria ikishambulia ubongo, mtoto anaweza kufa au kubaki na ulemavu. Wanaofariki baada ya sindano mara nyingi ni wale waliofikishwa wakiwa wamezidiwa. Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni kwa ubavu, mlegezeeni nguo, msimtie kitu chochote kinywani, msimfukize moshi, na mwondoke mara moja kwenda kituo cha afya. Njiani semeni Salamu Maria kadiri mnavyoweza. Miguu na sala viende pamoja.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kupoteza fahamu, msingoje asubuhi. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

2. Malizeni dozi. Dawa ya mseto hunywewa kwa siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi sita. Dawa za UKIMWI ni za kila siku, maisha yote. Shinikizo la damu nalo halina dalili kila mara, hivyo msiache dawa bila kuongea na daktari.

3. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kufunga wakati wa Kwaresima. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Anaweza kutoa sadaka ya namna nyingine.

4. Mwiteni padre mapema. Mpako Mtakatifu si wa wanaokata roho tu. Ni wa kila mgonjwa aliye katika hali ya hatari, hata anayesubiri upasuaji mkubwa.

5. Jumuiya ndogo ndogo ziweke akiba ya ugonjwa wakati wa mavuno ya alizeti, ili usiku wa shida nauli isitafutwe nyumba hadi nyumba. Na baba akiwa safarini, mama awe na ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kungoja idhini.

Wapendwa, hekima ya Mungu hutuongoza katika mambo ya kila siku, na kumwahisha mtoto hospitali ni mojawapo. Tusali, tuwahi, tumalize dawa. Mungu awabariki ninyi na wagonjwa wenu.