Mbio Zinakufikisha kwa Kocha, Alama Zinakuingiza Chuoni

Tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 15, 2025, uwanja wa shule yetu haukosi watu jioni. Simbu ni mtoto wa Mampando, hapa hapa wilayani Ikungi. Siku ile alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha ya mstarini iamue. Walipishana kwa sehemu tatu za mia ya sekunde.

Mimi nafundisha hesabu na kusimamia riadha katika sekondari ya kata. Zamani mwanafunzi mwenye mbio alikuja kuniomba viatu. Siku hizi anakuja na swali: "Mwalimu, hivi mbio zinaweza kunipeleka chuo Marekani?"

Zinaweza. Ila wengi wanaielewa vibaya njia yenyewe.

Njia ya hapa nyumbani tunaijua: mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA), ya sekondari (UMISSETA), kisha ukionekana unachukuliwa na timu ya jeshi, polisi au magereza. Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ. Njia ya chuo nayo Watanzania walishaipita. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na alitwaa ubingwa wa mita 10,000 wa vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gidamis Shahanga alipita hapo hapo, naye alikuwa tayari bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa 1978. Chuo kilitafuta wakimbiaji waliokwisha kuiva na kuwagharamia masomo.

Vyuo vinavyochuja sana wanafunzi vina utaratibu mwingine. Harvard, Yale, Princeton na wenzao watano wa kundi la Ivy League hawatoi ufadhili wa michezo kabisa. Wanachotoa ni msaada kulingana na kipato cha familia. Harvard ilitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, na isiyo na mali nyingi, haitalipa chochote. Mkulima wa alizeti na vitunguu wa Ikungi hafikii hata robo ya kiwango hicho. Kwa hiyo mzazi asihofie ada kabla ya wakati. Kazi iko kwenye kukubaliwa.

Na hapo ndipo watu wanapokosea: kocha wa vyuo hivi hadahili mtu. Akivutiwa na muda wako, anaomba matokeo yako ya darasani na kuwapelekea watu wa udahili wayaangalie mapema. Wakisema hayatoshi, mazungumzo yameishia hapo, hata uwe na kasi ya swala. Wakisema yanatosha, neno la kocha linaanza kuwa na uzito, kwa sababu kati ya maelfu ya waombaji wenye alama nzuri, wewe una mtu wa kukutetea.

Jirani zetu Wakenya waliligundua hilo mapema. Mwaka 2004 mwandishi wa Kimarekani John Manners na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, walianzisha mpango wa KenSAP. Walichukua vijana waliofaulu vizuri mno kidato cha nne, wakawapeleka Iten kuandaliwa kwa mtihani wa SAT, na wakawapima mbio za mita 1,500, ingawa wengi hawakuwahi kushindana. Walioingia Harvard, Yale na vyuo vya namna hiyo ni wengi, na wengi wao hawakuwa wanariadha wakubwa. Wachache, kama Peter Kosgei wa chuo cha Hamilton, walikuja kuwa mabingwa wa Marekani miongoni mwa vyuo vidogo.

Sasa tuje kwenye vitendo. Uwanja wetu una mzunguko wa mita 300, tuliopima kwa futi ya kamba na kuuchora kwa majivu. Mita 1,500 ni mizunguko mitano kamili. Nina binti wa kidato cha tatu anayeimaliza chini ya dakika tano. Muda huo unanisaidia mimi kumfundisha, lakini kocha wa ng'ambo hawezi kuutegemea. Anataka muda wa mashindano rasmi: tarehe, uwanja, nafasi uliyoshika, na kama ulipimwa kwa mkono au kwa mtambo. Andika pia kwamba ulikimbia hapa mkoani Singida, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Makocha wanajua kwamba mbio ndefu hupungua kasi mahali penye hewa nyepesi.

Barua kwa kocha iwe fupi: mwaka wa kuzaliwa, shule, mbio zako na muda wake, matokeo ya mitihani ya taifa (NECTA), mwaka unaotarajia kuanza chuo, na video ya mzunguko wa mwisho. Anza kidato cha tatu au cha tano, kwa kuwa SAT, aina ya mtihani ambao Harvard na MIT wameurudisha kuwa sharti, inahitaji maandalizi, na pasipoti haipatikani kwa siku moja. Ukishinda mbio za barabarani zenye zawadi ya fedha, uliza kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kabla ya kupokea, maana fedha hiyo inaweza kukuharibia sifa ya kushindana chuoni. Masharti ya viza hubadilika. Yaulizie kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ambako pia kuna ushauri wa bure wa EducationUSA kuhusu vyuo. Wakala anayetaka milioni kadhaa ili "akuunganishe na kocha" mkimbie. Anwani za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo vyao, na barua pepe hailipiwi.

Kwa walimu wenzangu na wazazi nina ombi moja. Mtoto mwenye mbio msimtoe darasani kwa sababu ya mazoezi, wala msimnyime mazoezi kwa sababu ya mtihani. Vyuo hivi vinamtaka mwenye vyote viwili, na huyo huandaliwa kuanzia kidato cha kwanza.