Chambo cha Samaki wa Luapula na Mweru

Mara nyingi tunaona mtu anaacha shamba lake siku tatu, ananunua ndoano mpya sokoni, anakwenda Luapula, kisha anarudi na samaki wawili wadogo. Watoto wanakula bukari na mboga tu. Yeye anasema: «Samaki wamekwisha mtoni,» ao anasema kwamba jirani amemloga. Sivyo. Aliwapa samaki chakula wasichokitafuta.

Mimi mwenyewe nilikosa namna hii. Nilipokuwa moniteri mpya karibu na Kasenga, nilikwenda kuvua kambale usiku kwa donge la bukari. Nikakesha siku mbili. Samaki wadogo walimega donge lote, nami nikapata mbu tu. Mzee mmoja mvuvi akacheka, akaniambia: «Mwanangu, umesoma, lakini bukari yako haina harufu.» Nikamjibu: «Ndiyo, baba, unifundishe.» Basi mengi ya haya ni maneno yake.

Kwanza ujue samaki unayemtaka anatafuta chakula kwa njia gani. Kambale anakaa katika matope, macho yake ni madogo, maji yake ni ya giza. Anapapasa kwa ndevu zake, na kwa ndevu hizo anaonja. Kwa hiyo umpe kitu chenye harufu kali: matumbo ya kuku, kipande cha samaki aliyeanza kuoza, minyoo mikubwa mingi pamoja. Wengine wanatia kipande cha sabuni, nao wanapata. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakiruka, tumia hao. Matumbo yanalegea upesi, basi uyafunge kwa uzi juu ya ndoano. Ndoano iwe kubwa na ngumu. Weka jiwe ili chambo kilale chini, utege jioni, uangalie mapema asubuhi.

Manda ni kinyume chake. Huyu anawinda kwa macho, mchana, katika maji yanayokwenda. Kitu kilichooza hakimvuti sana. Anataka kitu kinachokimbia. Tia samaki mdogo mzima, umtoboe mgongoni kidogo ili aendelee kuogelea. Kama huna, kata bati ao shaba mfano wa jani dogo, ulisugue kwa mchanga mpaka ling'ae, ufunge ndoano nyuma yake. Lakini usiliache kusimama majini! Ulivute, ulegeze, ulivute tena, kama samaki aliyejeruhiwa. Na meno ya manda yanakata uzi kama kisu. Karibu na ndoano weka waya mwembamba wa sentimeta 30, ao utapoteza samaki na ndoano pamoja. Ukimtoa, usitie kidole kinywani mwake.

Pale ana kinywa kidogo, anakula majani madogo sana ya majini. Yeye ndiye wa kupewa donge la bukari, lakini liwe dogo kama punje ya mahindi, kwa ndoano ndogo. Tupa kwanza pumba kidogo mahali pamoja ili wakusanyike. Jike mwenye mayai anayashika kinywani, naye hali wakati huo. Ukikosa, usikasirike naye.

Mpumbu usimtegee ndoano. Anakwangua utelezi juu ya mawe na matope. Zamani walipanda Luapula wakati wa mvua kwa kutaga, wengi mno, na wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walilishwa samaki wa huku. Nyavu ziliwazuia njiani kabla hawajataga, na karibu na mwaka 1950 walikuwa wamepungua kabisa. Nawakumbusha hayo kwa sababu mtu aliyekosa kwa ndoano anatwanga buba, anaimwaga katika kidimbwi, anaua wakubwa na wachanga siku moja. Mwaka unaofuata anarudi kidimbwini hapo na kikapu kitupu.

Minyoo chimba chini ya migomba ao penye takataka za jikoni. Usichimbe panapopita maji ya migodi, wala usivue hapo. Iweke katika kopo lenye udongo wa unyevu, ulifunike kwa jani la mgomba, likae kivulini. Toboa kopo chini, maana maji yakisimama ndani, minyoo yote inakufa kabla hujafika mtoni.