Haramia Akivuka Mstari wa Ziwa

Kutoka Bweri, mjini Musoma, hadi mpaka wa Tanzania ndani ya Ziwa Victoria, ukipima moja kwa moja kuelekea kaskazini, hazifiki kilomita 60. Mpaka huo ni mstari wa latitudo, nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, uliochorwa katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Ng'ambo yake ni Uganda, na ukisogea mashariki kidogo ni Kenya. Boti nyepesi yenye injini ya nguvu farasi 40 ikiondoka maji ya Musoma inaufikia kwa saa mbili hivi. Ikiondokea Shirati, kule Rorya, haimalizi hata saa moja. Hesabu hiyo kila anayepora wavuvi usiku anayo kichwani, na kwa maoni yangu ndiyo siri kubwa ya uharamia wa ziwa letu: bunduki humpa mporaji mali, lakini mpaka ndio humpa usalama.

Uporaji wenyewe unajulikana katika mialo yote, kuanzia Mwigobero hadi visiwa vya Ukerewe. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, na taa zao huonekana kutoka mbali sana. Boti inakuja taa zikiwa zimezimwa, watu watatu au wanne wana silaha, wavuvi wanaamriwa walale chini. Zinachukuliwa nyavu, samaki, simu, mafuta, na juu ya yote injini. Injini ndiyo mali yenyewe. Mara nyingi thamani yake inazidi ya mtumbwi ilikofungwa, watu wawili wanaweza kuibeba, na ikishaondolewa nyuma ya mtumbwi hakuna kinachoonyesha ilikuwa ya nani ila namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Wavuvi wanaachwa waelee hadi upepo au msamaria mwema awafikishe nchi kavu. Wapo wasiofika.

Wengi wetu tukisikia neno maharamia tunawaza Somalia. Na kweli, vita vya majini vilivyopiganwa kule kati ya mwaka 2008 na 2013 ndivyo vilivyoifundisha dunia namna mataifa yanavyoweza kushirikiana dhidi ya uhalifu wa aina hii. Lakini masomo yale hayahamishiki ziwani yalivyo, na sababu ni ya kisheria. Nitaieleza taratibu, maana maofisa na waandishi wa habari huipita kwa haraka.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 101, unautambua uharamia kama ukatili au uporaji unaofanywa kwa faida binafsi na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, katika bahari kuu, mahali pasipo mamlaka ya nchi yoyote. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kwa kuwa bahari kuu haina mwenyewe, ibara ya 105 inairuhusu nchi yoyote kumkamata haramia aliyeko huko na kumshitaki. Ndiyo maana manowari za India, Marekani, Uhispania na nyingine nyingi ziliweza kuwakamata Wasomali mamia ya kilomita kutoka pwani, na baadhi yao wakafikishwa katika mahakama za Mombasa na Shelisheli.

Ziwa Victoria halina bahari kuu. Kila tone la maji yake lina mwenyewe: karibu nusu ni la Tanzania, sehemu kubwa ya yaliyobaki ni ya Uganda, na Kenya ina kama asilimia 6. Mbele ya sheria, mtu aliyepora injini karibu na kisiwa cha Rukuba hana tofauti na aliyevamia duka mjini Musoma. Kosa lake ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 287A, adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Adhabu ni kali ya kutosha. Tatizo ni kwamba mwenye haki ya kumfukuza, kumkamata na kumshitaki ni mmoja tu, yaani nchi ambayo kosa limetendeka ndani ya maji yake, na haki hiyo inakoma palepale maji ya nchi hiyo yanapokoma. Hata huko baharini, ambako ibara ya 111 inaruhusu kumkimbiza mhalifu kutoka maji yako hadi bahari kuu, mkimbizo lazima ukome chombo kinapoingia maji ya nchi nyingine. Ziwani hakuna bahari kuu hapo katikati. Ukitoka maji yako umeshaingia ya jirani.

Pwani ya Somalia yenyewe ilikumbwa na kikwazo kama hicho. Mwanzoni manowari ziliwafukuza maharamia hadi ukingo wa maji ya Somalia, zikasimama, nao wakaenda zao. Kizuizi hicho kilianza kuondolewa na azimio namba 1816 la Baraza la Usalama, mwezi Juni 2008, lililoruhusu vyombo vya nchi nyingine kuingia maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya nchi hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni Atalanta, na Januari 2009 kikaundwa kikosi cha mataifa namba 151. Kwa hesabu za Ofisi ya Kimataifa ya Bahari, mashambulizi ya maharamia wa Kisomali yalifika 237 mwaka 2011, yakashuka hadi 15 mwaka 2013. Manowari hazikufanya kazi hiyo peke yake. Kampuni za meli ziliweka walinzi wenye silaha, na mahakama zilikubali kusikiliza kesi. Wakati uharamia ukiwa umepamba moto ulifika hata kwetu: Oktoba 2011 wanamaji wa JWTZ waliwakamata watu 7 waliojaribu kuivamia meli ya kutafuta mafuta na gesi karibu na Mafia.

Tarehe 29 Januari 2009, mjini Djibouti, nchi za ukanda huu zilitia saini kanuni za pamoja za kupambana na uharamia, Tanzania na Kenya zikiwa miongoni mwa za kwanza. Vituo vitatu vya kupashana habari vikawekwa Sanaa, Mombasa na Dar es Salaam. Ndani ya kanuni zile limo jambo moja ambalo ningependa kila mkuu wa polisi wa majini katika ziwa hili alisome mara mbili: ofisa wa nchi moja anaweza kupanda chombo cha nchi nyingine na kukaa humo wakati wa doria. Chombo kikiingia maji ya nchi yake, yeye, akiwa ameidhinishwa, anaweza kutoa ridhaa na amri pale pale, bila kusubiri simu ya wizara. Boti ni ileile, wafanyakazi ni walewale, kilichobadilika ni nani anayesema "simama".

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, kwa maoni yangu, ni Mlango-Bahari wa Malaka. Indonesia, Malaysia na Singapore ni majirani watatu kama sisi, wenye maji yaliyobanana, na kila mmoja ana wivu na mpaka wake. Julai 2004 walianza doria za kuratibiana. Hawakuunda jeshi moja. Kila nchi ilibaki upande wake, ila ilikuwa na mawasiliano ya kudumu na wenzake, na mhalifu alipovuka alipokewa na yule wa ng'ambo. Mwaka uliofuata waliongeza ndege za uangalizi ambazo ndani yake walikaa maofisa wa nchi zaidi ya moja. Mashambulizi yaliyoripotiwa katika mlango huo yalikuwa 38 mwaka 2004 na 12 mwaka 2005. Nisiipe doria sifa yote: tsunami ya Desemba 2004 iliisambaratisha pwani ya Aceh nchini Indonesia, na amani iliyotiwa saini huko Agosti 2005 iliwaondoa wapiganaji wengi baharini. Hata hivyo utaratibu wa kupokezana mhalifu upo hadi leo, na Thailand ilijiunga nao mwaka 2008.

Sisi wa mkoa wa Mara hatuhitaji kwenda Malaka kuielewa kanuni hiyo. Ng'ombe wakiibwa, watu hufuata unyayo. Unyayo ukiingia kijiji cha jirani, wenye kijiji huupokea na kuonyesha ulipotokea upande wa pili, na wasipouonyesha deni linabaki kwao. Mwizi hapati kimbilio kwenye mpaka wa kijiji, kwa sababu mpaka ndipo anapokabidhiwa kwa mfuatiliaji mwingine. Juu ya maji hakuna unyayo, kwa hiyo kazi yake lazima ifanywe na redio, kumbukumbu za maandishi na watu wanaofahamiana kwa majina.

Je, sheria ya jumuiya yetu inaruhusu ushirikiano wa namna hii? Inaruhusu, tena tangu zamani. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 124 kuimarisha operesheni za pamoja, ukitaja waziwazi mkimbizo wa wahalifu na doria za pamoja mipakani, pamoja na njia za pamoja za mawasiliano. Itifaki ya Amani na Usalama ya mwaka 2013 imeutaja uharamia kwa jina lake. Kisumu kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, na Jinja kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Mwanza ndiyo iliyochaguliwa kuwa makao ya kituo cha kuratibu uokoaji kwa ziwa zima. Doria za pamoja zimefanyika kwa nyakati mbalimbali. Kwa hiyo anayesema tunahitaji mkataba mpya anatupotezea muda. Askari aliye usukani saa nane usiku anahitaji kitu kifupi kuliko mkataba: namba moja ya kupiga, jina la mwenzake wa ng'ambo, na amri iliyoandikwa inayosema akifika mstarini afanye nini.

Kuna ugumu ambao baharini haukuwepo. Vyombo vinavyolinda ziwa hili si vya namna moja. Mwaka 2017 Uganda ilikabidhi ulinzi wa uvuvi kwa wanajeshi. Kenya ilizindua Huduma ya Walinzi wa Pwani Novemba 2018, nayo inafanya kazi hadi ziwani. Kwetu mzigo mkubwa uko kwa polisi wanamaji na maofisa wa uvuvi. Mwanajeshi, mlinzi wa pwani na polisi wana amri tofauti kuhusu lini risasi itumike, na wanaripoti kwa wizara tofauti. Sheria nazo zinapishana. Kosa ambalo hapa ni miaka 30, katika sheria ya Kenya linaitwa unyang'anyi wa mabavu na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Mwanasheria wa mshitakiwa anayepinga kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine ana pa kuanzia.

Halafu kuna Migingo. Kisiwa hicho chenye ukubwa usiofika uwanja wa mpira kiko kaskazini kidogo tu mwa mstari wetu. Uganda ilipoweka askari wake pale mwaka 2004, kuwalinda wavuvi dhidi ya maharamia kulitajwa miongoni mwa sababu. Kufikia 2009 Nairobi na Kampala zilikuwa zikibishana hadharani nani mwenye mwamba ule, na wapima ardhi wakatumwa. Ninakitaja kisiwa hiki kwa sababu kinaonyesha kinachotokea ulinzi unapofanywa na nchi moja bila mwenzake kuwa ndani ya boti: haramia anasahaulika, ugomvi unakuwa wa bendera.

Lakini kikwazo kinachoniuma kuliko vyote kiko kwa mvuvi mwenyewe. Sangara hana pasipoti, na anayemfuata huvuka mstari, wakati mwingine akijua, wakati mwingine upepo ukimsukuma. Akiporwa ng'ambo, yeye ni mwathirika na mkosaji kwa wakati mmoja. Akienda kuripoti kwa wenye maji, anaweza kuulizwa kibali kabla ya kuulizwa jeraha. Akirudi kuripoti nyumbani, anaambiwa kosa halikutendeka hapa. Kwa miaka mingi wavuvi wa nchi zote tatu wamelalamika kukamatwa, kutozwa fedha na kunyang'anywa vyombo na doria za majirani. Gizani, boti yenye watu wenye bunduki haijitambulishi. Mvuvi anayekimbia maharamia na doria kwa woga uleule hawezi kuwa macho ya doria hiyo, wala hawezi kusimama shahidi katika mahakama ya Busia au Homa Bay. Na bila shahidi anayesema hii ni injini yangu, hii ni namba yake, huyu ndiye aliyenielekezea bunduki, hata mkimbizo uliofanikiwa unaishia kwa mshitakiwa kuachiwa.

Hapo ndipo ningeanzia, kabla ya kununua boti nyingine. Mambo mawili yangeweza kufanywa na nchi tatu kwa waraka wa kiutawala. La kwanza, daftari moja la namba za injini. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, hizi BMU zetu, vinawafahamu wavuvi wa mwalo wao. Katibu wa Mwigobero akiandika namba iliyoporwa, katibu wa mwalo wa Uganda au Kenya aione kabla injini haijauzwa huko, na mnunuzi asiyeiulizia ajieleze polisi. La pili, tamko la wazi, libandikwe kila mwalo kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiganda: mvuvi anayekuja kuripoti uporaji hatashitakiwa wala kutozwa kwa kuwa alikuwa amevuka mstari, na taarifa yake itapokelewa katika kituo chochote cha nchi yoyote kati ya tatu, na itapelekwa inakohusika na kituo hicho, si na yeye.