Mtwara mitaani: safari, barua ya mtaa na baraza

Mji wa Mtwara umetawanyika kuliko wingi wa watu wake, na chanzo cha hali hiyo ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Ili mazao yapate njia ya kutokea, ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, reli ikatandikwa kuelekea bara, na mji ukachorewa barabara pana na viwanja vikubwa. Mradi ulivunjika mwaka 1951 bandari ikiwa haijakamilika. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaacha jina lake kwenye kata ya Reli. Mchoro wa mji haukufutika.

Ndiyo maana mkazi wa leo anaishi mbali na shughuli zake. Shangani iko pwani kwenye nyumba za nafasi. Magomeni, Chikongola na Majengo zimesongamana zaidi. Naliendele, penye kituo cha utafiti wa korosho, iko kilomita kadhaa nje kwa barabara ya Newala. Mikindani, mji mkongwe wa pwani, ni mwendo wa kilomita kumi hivi kwa barabara ya Lindi. Yote hayo ni Manispaa moja ya Mtwara Mikindani, iliyokuwa na watu zaidi ya 108,000 katika sensa ya 2012 na ambayo imeendelea kukua.

Umbali huo umeipa bodaboda na bajaji nafasi ambayo daladala peke yake isingeiweza. Daladala hufuata barabara kuu. Bodaboda humfikisha mtu mlangoni hata kama njia ni mchanga mtupu. Nauli hupatanwa kabla ya kupanda, na anayeishi ndani sana hulipa zaidi. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae kofia ngumu, na abiria awe mmoja. Mshikaki, yaani watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja, bado huonekana, hasa wanafunzi wakiwahi shule, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu anayeumia zaidi ni mtoto.

Kuna pia wanaokuja mjini kwa maji. Msangamkuu iko ng'ambo ya ghuba, na wakazi wake huvuka na ndoo za samaki, baiskeli na mizigo ya sokoni. Zamani walitegemea mitumbwi na mashua. Sasa kipo kivuko cha MV Mafanikio, kinachoendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali. Kwa barabara, safari hiyo fupi ingekuwa mzunguko mrefu wa kuizunguka ghuba.

Mambo ya makazi huanzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, si wa serikali, ingawa wengi humwendea kwanza ugomvi wa majirani unapozuka. Karatasi inayotafutwa kuliko zote ni barua ya utambulisho: hutakiwa katika kufungua akaunti benki, kuomba kitambulisho cha taifa, hata kumdhamini mtu mahakamani. Mpangaji ambaye hajajitambulisha mtaani hukwama siku anapoihitaji.

Ofisi hiyohiyo hushuhudia mauziano ya ardhi, na hapo panahitaji tahadhari. Karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba watu wameuziana. Si hati miliki, wala si kibali cha ujenzi, ambacho hutolewa na halmashauri. Pembezoni mwa mji viwanja vingi vilikuwa mashamba ya mikorosho. Ardhi ikitwaliwa kwa ajili ya upimaji, miti huhesabiwa katika fidia, hivyo mwenye shamba hufanya vyema kuijua idadi ya mikorosho yake mapema.

Nje ya mji, kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, sheria nyingine huongezeka. Tangu mwaka 2000 vijiji kama Msimbati vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650. Watu wanaendelea kuishi na kuvua humo, ila baruti ni marufuku, na mikoko haikatwi kiholela.

Mjini, jioni watu hurudi barazani. Wanaume hukusanyika kwenye kahawa, bao na drafti, wakijadili bei ya korosho mnadani na mechi ya Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Gengeni akina mama huuza samaki wa kukaanga na ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, na hapohapo hukumbushana zamu ya upatu. Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ni msiba. Turubai hufungwa, mikeka hutandikwa, daftari la rambirambi huzungushwa, na mpangaji aliyehamia juzi hutarajiwa kuchangia na kukaa na wafiwa sawa na mwenyeji.