Karve, mwalimu wa hesabu aliyetengwa kwa kuoa mjane

Miongoni mwa wageni waliopita Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwamo mzee wa Kihindi wa miaka 70 na ushei. Hakuja kuuza nguo wala viungo. Jina lake Dhondo Keshav Karve. Ziara yake ya Afrika, iliyoanza Desemba 1930, ilimfikisha pia Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Afrika Kusini, akieleza habari za chuo kikuu cha wanawake alichokianzisha kwao.

Karve alizaliwa 1858 Konkan, pwani ya magharibi ya India. Alisomea hesabu Bombay, na 1891 akaanza kufundisha Chuo cha Fergusson, Pune. Mwaka huo huo mkewe akafariki.

Mila ilimruhusu kuoa kigoli mara moja. Mjane wa Kibrahmani, je? Huyo, hata akiwa mtoto aliyeozwa kabla hajamjua mume, hakuolewa tena. Alinyolewa kichwa, akavuliwa mapambo, akabaki kutumikia nyumba ya wakwe. Sheria ya 1856 ilishawaruhusu wajane kuolewa, lakini sheria ilikuwa karatasi tu. Waliokuwa na usemi ni jamaa na majirani.

Mwaka 1893 Karve akamwoa Godubai, mjane. Watu wa Murud, alikokulia, wakamtenga.

Hakurudi nyuma. 1896 akaanzisha makao ya wajane, ambayo baadaye yalihamia Hingne, nje ya Pune, kwa kuwa mjini hawakutakiwa. Akishamaliza vipindi vyake chuoni alikwenda huko kwa miguu. Shabaha ilikuwa mjane asome, apate kazi, asiombe chakula kwa shemeji.

1916 ndipo akaanzisha chuo kikuu, baada ya kusoma habari za chuo cha wanawake cha Japani. Masomo yalitolewa kwa lugha ya mama, Kiingereza kikabaki somo. (Sisi huku bado twabishana juu ya hilo.) Pesa zilikuwa za kuungaunga hadi 1920, tajiri Vithaldas Thackersey alipotoa rupia milioni 1.5 na chuo kikapewa jina la mamake. Kingalipo Mumbai, kwa kifupi SNDT.

Mwaka 1958, akitimiza miaka 100, India ilimpa Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa. Alifariki Novemba 1962.